Kampuni Iliyoshindwa na Kibaba

Ukishuka 111 pale Dagoretti Corner saa kumi na mbili jioni, hakuna kitu kitakachokuambia kwamba jina unalolitaja kwa makanga liliwahi kuwa jina la tawi la kampuni. Utaona vitanda na makochi yamepangwa kando ya barabara, mama mboga akikata sukuma, bodaboda wakikuita wote kwa pamoja, na watu wa idara ya hali ya hewa wakitoka kazini. Corner ni kona tu, mahali ambapo Naivasha Road inachomoka kutoka Ngong Road kuelekea Riruta na Kawangware. Dagoretti iliyoipa kona jina iko mbele, upande wa magharibi, na mnamo Oktoba 1890 kampuni moja ya Uingereza ilijenga ngome huko. Ngome yenyewe haikufikisha mwaka.

Shuleni tulifundishwa stori hii kama siasa. Lugard alikuja, Waiyaki akasalitiwa, ukoloni ukaingia, jibu maswali yafuatayo. Siipingi. Lakini kuna stori nyingine ndani yake ambayo mwalimu hakuigusa, na ni stori ya biashara: kampuni yenye hati ya Malkia, bunduki na wanahisa matajiri ilipewa eneo bora kabisa la kufanyia kazi, ikaliharibu kwa mikono yake ndani ya miezi michache. Ukitaka kujua kwa nini siku hizi kampuni kubwa zinaimba kuhusu uendelevu, anzia Dagoretti, miaka karibu mia moja kabla neno hilo halijapata ofisi.

Kampuni yenyewe iliitwa Imperial British East Africa Company. Kichwa chake kilikuwa William Mackinnon, Mskoti aliyetajirika kwa meli za British India Steam Navigation. Mwaka 1887 alipata mkataba kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar wa kuendesha ukanda wa Pwani, na Septemba 1888 akapata hati ya kifalme. Mpango ulikuwa rahisi kuuelewa: kusanya ushuru Mombasa, fungua njia hadi Uganda, leta pembe za ndovu, lipa wanahisa. Reli haikuwepo. Barabara ya magari haikuwepo. Ng'ombe na punda walikufa njiani kwa mbung'o na magonjwa. Kila kitu kilichokwenda Uganda, kuanzia risasi hadi Biblia, kilikwenda kichwani mwa mtu.

Hapa ndipo hesabu inaanza, na nakuomba uvumilie kidogo kwa sababu stori yote imelala kwenye hesabu hii.

Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, tuseme gramu 700. Sasa mpe mpagazi mzigo wa chakula kitupu, bila amerikani, bila shanga, bila barua ya mtu. Akila mzigo wake mwenyewe utaisha baada ya siku 43. Safari ya Mombasa hadi Uganda ilichukua karibu miezi mitatu. Yaani mtu akijibebea chakula tu, hafiki nusu ya njia vizuri, na anafika mikono mitupu.

Ukiwa na msafara wa watu 300, kila siku wanakula kilo 210, ambayo ni mizigo saba. Kila asubuhi mizigo saba imeyeyuka. Na kutoka ukingo wa nchi ya Wakikuyu ukielekea magharibi, unaingia nchi ya Wamaasai: Bonde la Ufa, Naivasha, nyanda za mifugo. Wamaasai hawakulima, kwa hiyo hapakuwa na nafaka ya kununua mpaka ufike karibu na Kavirondo. Siku 20 bila soko zinahitaji tani 4 na kidogo, mizigo 140. Karibu nusu ya msafara wako wamebeba tumbo la wenzao.

Kwa hiyo njia nzima ya Uganda ilikuwa imening'inia mahali pamoja, pale msitu wa Wakikuyu ulipokutana na mbuga ya Wamaasai, ambapo mtu angeweza kununua tani kadhaa za chakula kwa siku chache. Eneo hilo lilikuwa Ngong na Dagoretti. Hakukuwa na la pili lililofanana nalo. Wafanyabiashara wa Pwani walilijua kitambo na waliliita Ngongo Bagas. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 na msafara wa Jumbe Kimameta, walisimama hapo kujaza chakula, na Teleki akafuata mwaka 1887. Kila aliyetaka kwenda mbele alipitia dukani hapo kwanza.

Na duka lilikuwa la nani? Si la Kampuni. Lilikuwa la kina mama wa Kikuyu.

Mambo haya hayakuwa ya ajabu kwao. Wanawake wa Kikuyu na wa Kimaasai walikuwa wakifanya biashara hata wakati wanaume wao wanapigana. Viazi vitamu, maharagwe, mtama, ndizi na ugoro vilikwenda upande mmoja, ngozi na mifugo vikarudi upande mwingine. Vita vilikuwa vita, na soko lilikuwa soko. Msafara wa Pwani ulipopiga kambi ukingoni mwa msitu, uliingia kwenye utaratibu uliokuwepo tayari. Wapwani hawakuwa malaika, tusidanganyane. Walifuata pembe, wengine walifuata watumwa, na mara nyingi makabiliano yalizuka, mishale ikaruka, shamba likavamiwa. Thomson mwenyewe aliandika juu ya Wakikuyu kwa hofu kubwa. Lakini mfanyabiashara wa Pwani alijua jambo moja kuhusu mwaka ujao: atarudi, na atarudi na njaa. Hakujenga ngome msituni. Alikaa nje, akanunua, akaenda. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi kwenye hati ya kifalme.

Frederick Lugard alifika Dagoretti Oktoba 1890 akiwa njiani kwenda Uganda. Alikuwa kapteni wa miaka 32, ametumwa na Kampuni, na alipenda alichokiona. Mashamba yalikuwa yamejaa, watu walikuwa tayari kuuza. Alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, mzee mwenye nguvu wa eneo hilo, na akajenga boma. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwakataza wapagazi wake kuingia mashambani na akahakikisha kila kitu kinalipiwa. Alichotoa kilikuwa kitambaa, shanga na nyaya, na kwa malipo hayo chakula kilikuja kwa wingi. Mwanzoni mwa Novemba akaondoka na msafara wake, na tarehe 18 Desemba alikuwa Kampala. Nyuma alimwacha George Wilson na kikosi kidogo cha kulinda boma.

Sasa fikiria kazi ya Wilson. Amekaa kwenye ngome ndogo, bidhaa za kubadilishana zinapungua, na misafara inaendelea kupita ikiwa na njaa. Makao makuu yako Mombasa, wiki kadhaa kwa miguu, na wakubwa wa makao makuu wako London, ambako shamba la mtu wa Dagoretti halina hata mstari kwenye daftari. Kwenye daftari la Kampuni kulikuwa na gharama ya kitambaa, gharama ya wapagazi, gharama ya risasi. Viazi vya jirani vilionekana kwenye hesabu pale tu vilipolipiwa. Vikichukuliwa bure, tawi lilionekana limebana matumizi vizuri. Meneja yeyote aliye mbali angefurahi.

Basi vikachukuliwa bure. Watu wa misafara walijiingilia mashambani wakachimba wanachotaka. Mbuzi wakapotea. Wanawake, wale wale waliokuwa wakileta vikapu, wakasumbuliwa. Majirani wakaacha kuleta chakula, na watu wa boma wakatoka kwenda kukitafuta na bunduki, na kila walipotoka na bunduki vikapu vikazidi kuadimika. Si ngumu kuona mzunguko huo unaishia wapi. Mapema mwaka 1891 boma lilikuwa limezingirwa, risasi zimeisha, na Wilson akawatoa watu wake akarudi nao Machakos. Ngome ikachomwa moto.

Ningependa usimame hapa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vinaruka haraka kwenda kwenye vita. Kampuni haikuwa imeshindwa na jeshi kubwa, wala haikushindwa na kampuni nyingine yenye bei nzuri zaidi. Ilishindwa kununua viazi vitamu. Mwaka mmoja kabla, yeyote mwenye kitambaa angepata chakula Dagoretti.

Mimi niliacha chuo kabla kozi ya usimamizi haijaisha, lakini mkate wangu umetoka humo humo: ninaandika makala za kulipwa kwa neno kwa wateja wa ng'ambo nisiowaona, na kwa miaka miwili iliyopita kichwa wanachokipenda zaidi ni kwamba uendelevu ni faida ya ushindani. Kila mara wanataka jina moja litajwe, Michael Porter wa Harvard, aliyeandika kitabu kuhusu faida ya ushindani mwaka 1985. (Kwa Kiingereza jina lake maana yake ni mpagazi. Sijawahi kupata mteja wa kumcheka naye.) Miaka miwili baadaye, 1987, tume ya Gro Harlem Brundtland ikatoa ripoti yake kwa Umoja wa Mataifa, ikasema maendeleo endelevu ni kutimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja. Makala nyingi zinashika hayo mawili zinayagundisha kwa gamu: kuwa mwema, wateja watakupenda, utapata pesa. Wateja wangu wanataka miti, glasi ya maji safi, mtoto anayecheka.

Dagoretti inasema kitu kikavu zaidi. Faida ya Kampuni juu ya washindani wake haikuwa ndani ya Kampuni. Haikuwa bunduki wala hati, kwa sababu Wajerumani pia walikuwa na bunduki na hati. Ilikuwa kwenye ghala za watu ambao hawakuwa waajiriwa wake na hawakuwahi kusikia jina la Mackinnon. Kilichoifanya Dagoretti kuwa na thamani kuliko kilima chochote kingine ni kwamba mama fulani aliamka asubuhi, akaangalia ghala yake, akaona kuna ziada, na akaamua inafaa kuibeba mgongoni hadi kambini. Uamuzi wake ndio uliokuwa mali, na mali hiyo haiwezi kuwekewa ulinzi kwa sababu bunduki ndiyo hasa inayoifukuza.

Kampuni haikuliona hivyo. Iliamua kwamba shida ilikuwa ngome kuwa dhaifu, kwa hiyo ikarudi mwaka huo huo wa 1891 na ngome kubwa zaidi. Major Eric Smith alijenga Fort Smith, upande wa Kabete, na majirani wakatozwa faini ya mbuzi na vibarua kwa kuchoma ile ya kwanza. Kuanzia hapo chakula cha Dagoretti kilikuwa na bei mpya, ambayo ni mshahara wa askari, risasi, kuta, mahandaki, na misafara ya adhabu iliyotoka kuchoma mashamba yale yale yaliyotakiwa kuilisha. Kuna wakati mtu hakuweza kwenda mbali na boma bila kusindikizwa. Agosti 1892 Waiyaki aligombana na W. J. Purkiss, aliyekuwa msimamizi, ndani ya Fort Smith. Alijeruhiwa kichwani, akafungwa, akaanza kupelekwa Pwani kwa miguu. Alifia Kibwezi mwezi uliofuata. Hadithi ya kwamba alizikwa akiwa hai, kichwa chini, umeisikia. Wazee wameisimulia kwa nguvu sana, na ina maana yake hata pale mwanahistoria anapokunja uso. Leo ukitoka Dagoretti Corner ukafuata Naivasha Road kupitia Kawangware hadi upande wa Uthiru, unatokea Waiyaki Way. Mackinnon hana hata kichochoro huko.

Mapema 1893 Sir Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipita akielekea Uganda kuamua kama nchi hiyo ichukuliwe au iachwe. Hakuwa mtu wa kuwahurumia Waafrika hivi hivi. Lakini alipoona hali ya Fort Smith aliandika kwa hasira kwamba watu wa Kampuni, kwa kutolipia vitu, kwa kupora na kwa kupiga watu risasi, walikuwa wameigeuza nchi nzima dhidi ya Mzungu. Hiyo ilikuwa tathmini ya mtu wa upande wao.

Nisikudanganye kwamba Kampuni ilikufa kwa viazi peke yake. Vita vya Uganda viliimeza pesa. Pembe hazikutosha. Reli iliyoombwa Bungeni haikuja kwa wakati. Kufikia 1891 wakurugenzi walikuwa wameamua kujiondoa Uganda, na ni marafiki wa wamisionari wa CMS waliochanga pesa ili wakae kidogo zaidi. Mwisho wa Machi 1893 bendera ya Kampuni ilishushwa Kampala, na mwaka 1895 serikali ikainunua yote kwa pauni 250,000. Kati ya hizo 200,000 zilitoka kwenye fedha za Zanzibar, maana yake Sultani alilipa kukomboa Pwani yake mwenyewe. Lakini kila ukifuata gharama yoyote ya Kampuni bara unarudi kwenye kibaba. Askari wa kulinda posho nao wanakula posho, na mpagazi wa kubebea askari risasi anakula pia. Ukishapoteza muuzaji, kila suluhisho lina mdomo.

Kwa msomaji anayesema haya ni ya zamani, kuna jambo la juzi. Kakuzi, kampuni ya parachichi na makadamia iliyoko Makuyu, Murang'a, iliuza matunda yake kwenye maduka makubwa ya Uingereza. Oktoba 2020 tuhuma za wakazi dhidi ya walinzi wa mashamba yake zilitoka kwenye magazeti ya London, zikihusu vipigo, ubakaji na kifo, na Tesco, Sainsbury's na Lidl wakasimamisha kununua. Februari 2021 kampuni mama, Camellia, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza kesi zilizofunguliwa Uingereza. Matunda hayakuwa yamebadilika ladha. Udongo ulikuwa ule ule na mvua ile ile. Kilichokatika ni kati ya shamba na jirani, na kilipokatika hapo kikakatika hadi kwenye rafu ya duka la Manchester. Tofauti na 1891 ni kwamba habari sasa zinasafiri haraka kuliko mpagazi, kwa hiyo gharama iliyokuwa ikimfikia mkurugenzi baada ya miaka inamfikia ndani ya wiki. Ndiyo maana leo wakurugenzi wanalipenda neno uendelevu. Sidhani kama roho zao zimekuwa laini kuliko ya Mackinnon.

Hadi hapa ningeweza kumuuzia mteja makala hii: lipa jirani vizuri, heshimu muuzaji, utawashinda wenzako. Kuna hata mtu wa kuweka kama mfano. Kinyanjui wa Gathirimu alianza kama kijana asiye na kitu, akajishikiza kwa misafara, akajua nani ana chakula na nani anakihitaji, akawa mtu wa katikati. Baada ya Waiyaki kuondolewa, yeye ndiye aliyepandishwa. Akawa chifu mkuu, tajiri wa mifugo na wake, na alipofariki mwaka 1929 alikuwa mmoja wa watu mashuhuri wa Kiambu. Ni yule yule Kinanjui wa kwenye kitabu cha Karen Blixen. Wengi wanamwona msaliti na wana sababu zao. Lakini kama unatafuta aliyepata faida ya ushindani Dagoretti, ni yeye. Aliona kwamba mali ni uhusiano na muuzaji, akausimamia, akachukua asilimia yake.

Shida ni kilichofuata. Miaka ya katikati ya 1890, Francis Hall akiwa msimamizi wa Fort Smith, biashara ya chakula ilirudi. Hall alipeleka misafara ya adhabu vilevile, lakini pia alinunua, na alinunua kwa wingi. Misafara ya serikali ilikuwa mikubwa kuliko ya Kampuni. Baadaye wakaja watu wa reli, maelfu yao, na hata kama Wahindi wengi waliletewa mchele na unga kutoka kwao, bado matumbo yaliyohitaji kulishwa bara yaliongezeka kila mwezi. Chakula cha Kikuyu kilipata soko ambalo halijawahi kuonekana. Kitambaa, shanga, nyaya na baadaye rupia viliingia kila nyumba. Kwa kipimo chochote cha makala zangu za kulipwa, haya yalikuwa mafanikio: mnunuzi analipa, muuzaji anaridhika, na ugavi hauna matatizo.

Lakini ghala ya Kikuyu haikuwa duka. Ilijengwa kwa ajili ya mwaka ambao mvua haiji. Kile ambacho mnunuzi alikiona kama ziada kilikuwa, kwa sehemu, bima. Kila kikapu kilichoteremka kwenda Fort Smith kilikuwa kimelipiwa kwa haki, kwa bei ambayo pande mbili zimekubaliana, na bado kilitoa siku chache kutoka kwenye mwaka wa njaa wa mtu fulani. Hakuna aliyeiba. Bei tu haikuwa na mahali pa kuandika mwaka ujao. Ushanga hauliwi, na rupia ni chakula pale tu kuna wa kukuuzia.

Mwaka 1898 mvua ilikosekana. Nzige walikuwa wamepita, sotoka imepita kwenye ng'ombe, na ndui ikaingia juu ya njaa. Wakikuyu wa kusini, wale wa Kiambu na Dagoretti waliokuwa karibu zaidi na misafara na reli, ndio walioumia sana. Waliita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Wanahistoria wanataja ukame kwanza, na ni sawa, lakini wanataja pia ghala zilizokuwa zimeuzwa. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, katikati ya njaa hiyo. Mhandisi aliyesimama kwenye kinamasi akipanga mahali pa karakana alikuwa mwendo wa saa chache kutoka kwenye vijiji ambavyo watu walikuwa wakifa njiani.

Walioweza kutembea walikwenda kaskazini, Murang'a na Nyeri, kwa jamaa zao, wakisubiri mvua. Ilipokuja walianza kurudi. Kati ya kuondoka na kurudi kwao, serikali ilikuwa imetazama mashamba yasiyo na mtu ikaona ardhi tupu. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1902 ikaipa nguvu ya kuigawa, na katika miaka iliyofuata vipande vya Kiambu na Limuru vikapimwa na kupewa walowezi. Baadhi ya waliorudi walikuta mwenye shamba ni Mzungu, na wao wakaruhusiwa kukaa kama vibarua kwenye ardhi ambayo baba zao waliilima kulisha msafara wa Lugard.

Madai hayo yalisikilizwa rasmi mwaka 1932, tume ya ardhi ya Sir Morris Carter ilipoketi. Wazee walisimama mbele ya meza wakaeleza mipaka ya mbari zao, mto huu hadi mti ule, na nani alikufa mwaka wa njaa. Makamishna waliandika. Swali lililowashughulisha sana lilikuwa ni ardhi kiasi gani ilikuwa kweli inatumika Wazungu walipofika, na kiasi gani ilikuwa imeachwa tu.